Kamera Isiyomwona Aliye Nyuma

Mwaka 1967 ndipo shida ilipoanza. Nilikuwa na miaka kumi na moja, darasa la tatu, kule Heru Juu. Baba akafa msimu wa kupanda maharage, mjomba akachukua shamba akisema ananitunzia. Mpaka leo ananitunzia. Nikaacha shule, nikashuka Kasulu mjini kubeba maji kwa Bwana Seifu, mtu wa pwani aliyekuwa na duka la nguo mbele na chumba cha picha nyuma. Humo chumbani, gizani, nikichovya karatasi kwenye dawa, ndimo nilimojifunza mwanga. Hakuna mtu wa chuo aliyenifundisha. Nayatanguliza haya ili mjue kwamba anayeisema hii kamera mpya si mtu aliyeanza kuona kamera jana.

Sasa ninyi, tangu nirudi, mnanisimamisha sokoni kila mmoja kwa zamu yake: "Mzee, tumesikia ulikwenda Kibondo na lile dude, ikawaje?" Nimechoka kusimulia nimesimama juani na mfuko wa vitunguu mkononi. Nimeandika. Anayejua kusoma asome, asiyejua asomewe.

Kasulu, kabla ya kuondoka

Kamera alinitumia mwanangu Yusufu kutoka Dar es Salaam, mwaka 2014. Ilikuja kwenye boksi lenye maboksi mengine ndani yake, kama kitunguu. Ukiishika, ni nzito kuliko tofali bichi. Vitufe vimejaa mgongoni, juu, ubavuni, hata pale kidole gumba kinapotaka kupumzika wameweka kitufe. Lenzi ni moja tu, fupi, na haina ile pete ya kuzungusha ili kufungua na kufunga tundu la mwanga. Pete wameiondoa, wakaweka kijigurudumu cha kitoto juu ya kamera.

Nikampigia simu. "Yusufu, hili dude lina nini cha ajabu?"

"Baba, hiyo ni fulu fremu."

"Ndiyo nini?"

"Kile kijipande cha ndani kinachopokea picha ni kikubwa. Kipo sawasawa na kipande cha filamu ya zamani."

"Filamu ipi?"

"Hiyohiyo uliyokuwa unatumia, baba."

"Kwa hiyo wamehangaika miaka yote na makompyuta yao, wamefika pale tulipokuwa mimi na Bwana Seifu?"

"Ndiyo hivyo, baba."

"Na wewe wakakutoza kwa hilo?"

Akacheka. Mimi sikucheka.

Niseme haki: tundu la kuchungulia ni pana na linang'aa, hilo nawapa. Mengine ni mbwembwe. Nikaipanga kama nilivyozoea. Kwenye spidi ya filamu, ile namba ya wepesi wake wa kunasa mwanga, nikaweka mia moja, maana mia ndiyo filamu ya mtu anayejiheshimu, nikaiacha hapohapo. Chaja nikaiacha kabatini. Kamera yangu ya zamani ilikula kibetri kama kifungo cha shati, na kilidumu mwaka. Nikasema hii nayo, kwa ukubwa wake, itashindwaje safari moja?

Halafu ikaja simu ya Kibondo, na hiyo ndiyo sababu ya safari. Alikuwa Mzee Ruhuza, rafiki yangu wa siku nyingi. Nilimpiga picha alipomwoa Mama Anastazia, filamu nyeusi na nyeupe. Nikampiga tena alipomwoa Mama Zawadi, ya rangi. Wake wawili, nyumba mbili, kijito katikati, na hawajawahi kusimama kwenye picha moja. Mama Anastazia anasema mkubwa hukaa mbele na mdogo husimama nyuma yake, ndivyo ilivyo. Mama Zawadi anasema yeye si mzigo wa kuwekwa nyuma ya mtu. Basi kila sikukuu ilikuwa picha mbili.

"Baba Yusufu," akaniambia, sauti imekonda, "nina uvimbe tumboni. Kesho kutwa asubuhi gari linanipeleka Mwanza nikapasuliwe. Sijui kama nitarudi. Nataka picha moja yenye watu wangu wote. Mama Zawadi amekubali kusimama nyuma, safari hii tu. Njoo kabla hajabadili nia."

Nikamwambia nakuja. Tena kwa kiburi nikaongeza: nakuja na kamera mpya.

Kasulu hadi Makere

Nilipata nafasi mbele kwenye Fuso ya mihogo mikavu na madumu ya mawese. Dereva ni kijana mmoja wanayemwita Kapteni, ingawa sijaona jeshi lililokubali kumchukua. Vumbi jekundu likaingia mpaka kwenye meno. Nikalifunga lile dude kwenye kitenge cha mke wangu, nikalipakata kama mtoto wa watu.

Karibu na Makere, penye njia ya kambi ya wakimbizi, kuna kizuizi. Askari akachungulia, akaona kitenge.

"Mzee, umebeba nini?"

"Kamera."

"Fungua." Nikafungua. Akarudi hatua moja. "Hiyo si kamera ya arusi hiyo. Wewe ni mwandishi wa habari?"

"Kijana, mimi kuandika kwenyewe niliishia darasa la tatu."

"Kibali cha kupiga picha wakimbizi unacho?"

"Naenda kumpiga rafiki yangu na wake zake. Kibali anacho yeye, alitoa ng'ombe."

Mwenzake aliyekuwa kwenye benchi akaangua kicheko, lakini yule wa kwanza hakutosheka. Akataka kuona kilichomo. Hakikuwamo kitu. Nikamwambia simama pale, nikabonyeza, nikamwonyesha kwenye kioo. Basi! Kibali hakikuulizwa tena. Akavua kofia, akavaa kofia, akashika bunduki, akaiweka kando. Mwenzake naye. Mpika chai naye. Kila mmoja nimpige, nimwonyeshe, arudie maana alifumba macho. Kwenye filamu mtu aliyefumba macho alijua kafumba baada ya wiki mbili, akakubali kuwa ndiyo kudra. Siku hizi kila mtu anataka kuzaliwa upya papo hapo.

Kapteni akapiga honi. Wakati naifunga kitengeni nikaona kile kipicha cha betri kimepungua kipande. Sikukijali.

Makere hadi mto

Kabla ya kuufikia mto Malagarasi tukapata pancha. Jeki ilikuwepo, ubao wa kuweka chini ya jeki haukuwepo. Kapteni akaenda kuutafuta kwa miguu, na sisi tukakaa kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza ugali wa muhogo kwa samaki, migebuka ya ziwani iliyoungwa kwa mawese. Nawaambieni, kwa ule mchuzi namsamehe Kapteni nusu ya dhambi zake. Nusu nyingine nabaki nayo, maana alirudi jua limeshageuka.

Hapo kibandani akaja mwanamke Mkongo na mtoto mgongoni. Akaona kamera. "Papa, upige mie foto na mutoto."

Nikampiga. Nikamwonyesha. Akafurahi, akamwonyesha mtoto, kisha akanyoosha mkono.

"Sasa unipe."

"Nikupe nini, mama?"

"Foto. Ile."

"Iko humu ndani."

"Ya ndani ni ya weye. Ya mie iko wapi?"

Nikaanza kumweleza habari za kadi, kompyuta na mashine ya kuchapia iliyopo Kasulu. Akanitazama kama anayemtazama mwizi mwenye maneno mengi. Akaondoka akiwaambia wenzake kwamba papa huyu anachukua sura za watu, haziachi. Bwana Seifu hakuwahi kumwonyesha mtu picha asiyoweza kumkabidhi. Hii kamera inamwonyesha mtu chakula nyuma ya kioo cha dirisha.

Kibondo, jioni

Tulifika jua linatua. Ua wa Mzee Ruhuza ulikuwa umefagiliwa, majirani wamejipanga kutazama, na mwenyewe amekaa kitini ndani ya koti lake la arusi, lile la mara ya pili. Koti lilimjaa zamani, sasa yeye ndiye aliyekuwa akitafutwa ndani ya koti. Tumbo tu ndilo lililosimama mbele.

"Mwakeye," akanisalimia salamu ya asubuhi, ananitania kwa kuchelewa.

"Usinianze, mzee. Kaa vizuri, mwanga unakimbia."

Mama Anastazia alikaa kitini kuume kwake. Watoto wake na wajukuu wakakaa mkekani. Nyuma yao, wamesimama, Mama Zawadi na wanawe. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na uso ameuweka mbali, kama mtu anayechomwa sindano. Ua ulikuwa mdogo, nikawa karibu nao. Mwanga ulikuwa haba, nikafungua tundu la lenzi lote, maana spidi ni mia na mia haibadilishwi. Nikapiga. Nikatazama kioo: watu wote wapo. Nikatangaza, "Imetoka!" Majirani wakapiga makofi.

Hapo ndipo Leokadia, binti wa Mama Anastazia, fundi cherehani mwenye simu ya kugusa, akasema, "Baba Yusufu, hebu niikuze kidogo." Akabonyeza kitufe ambacho mimi nilikidhani cha mapambo. Nyuso zikasogea. Wa mbele unaweza kuwahesabia nyuzi za shati. Wa nyuma, ndugu zangu, ukungu. Macho hayapo, pua hazipo, kama sura zilizopakwa uji.

Mama Zawadi akaja. "Hebu." Akatafuta uso wake kiooni. Hakupaza sauti.

"Miaka yote nilikataa kusimama nyuma. Leo nimekubali kwa ajili ya mgonjwa. Na huko nyuma kwenyewe mmenifuta."

Pangekuwa na mtu mwenye hekima angenyamaza. Lakini Mama Anastazia, bila kuinuka kitini, akasema, "Basi kamera nayo inajua nani mkubwa."

Majirani wengine wakacheka. Mama Zawadi akakusanya wanawe mmoja mmoja, akavuka kijito kwenda kwake. Na jua nalo likaingia.

Mzee Ruhuza akanishika mkono. Mkono wake ulikuwa mwepesi. "Rafiki yangu," akasema, "nilikuita utuweke pamoja. Umetutenganisha mbele ya majirani."

Wakaniletea ugali na sombe, yaani kisamvu. Nilikula kwa adabu tu. Dude lilikuwa mezani linanitazama kwa jicho lake moja.

Kibondo, asubuhi

Palikucha na ukungu umelala juu ya migomba. Gari la Mwanza lilikuwa limeshafika, dereva anapangusa kioo. Kipicha cha betri kilikuwa kimebaki na mstari mmoja mwekundu. Umeme ulikuwepo kwa jirani mwenye jenereta, lakini chaja yangu ilikuwa kabatini Kasulu.

Nikapiga hesabu zangu za zamani. Mwanga mdogo. Nikilifunga tundu la lenzi ili wa mbele na wa nyuma waonekane wote, kamera itabaki wazi muda mrefu, na mgonjwa anatetemeka, watoto hawatulii. Nikiliacha wazi, kitakachoonekana ni mstari mmoja tu, wa mbele yake ukungu, wa nyuma yake ukungu. Basi jibu nikaliona, na halikuwa la kamera. Nikavuka kijito.

Mama Zawadi alikuwa anafagia uwanja wake.

"Mwakeye, Mama Zawadi."

"Mwakeye. Umekuja kufuta na kuku?"

"Nimekuja kukuomba."

"Nyuma sirudi, Baba Yusufu. Niambie mengine."

"Nyuma hakuna. Lile dude ni jinga. Kwenye ukungu kama huu linaona mstari mmoja basi. Anayesimama nyuma halimwoni, awe mke mdogo, awe mkuu wa wilaya."

Akasimamisha ufagio. "Mstari mmoja. Mimi na yeye."

"Wewe na yeye."

"Na mkubwa mwenyewe kasemaje?"

"Sijamwuliza."

Akacheka mpaka akaegemea ufagio. "Nenda kamwulize. Ukitoka mzima, niite."

Mama Anastazia nilimkuta anamfunga mumewe vifungo vya koti. Nikamweleza. Akageuka polepole.

"Mstari mmoja? Kama watoto wa shule?"

"Kama watoto wa shule."

"Mimi niliolewa kwa ng'ombe wa kwanza wa nyumba hii."

"Najua, shemeji. Niliwapiga picha hao ng'ombe."

"Basi?"

"Basi sikiliza. Ukitaka awe nyuma, nitapiga, na atafutika tena, na huyu mzee ataondoka na nusu ya watu wake. Ukitaka wewe ndiye uwe nyuma, sema, nitakupiga hivyo. Hii kamera haina mkubwa. Haina akili hiyo."

Dereva akapiga honi. Mzee Ruhuza alikuwa anamtazama tu mkewe, kifungo kimoja cha koti bado hakijafungwa. Mama Anastazia akakifunga.

"Hiyo kamera nani aliinunua?"

"Mwanangu."

"Mwambie amepunjwa." Kisha akamwita Leokadia. "Kalete kiti kingine. Mimi nikikaa, na yeye akae. Sitaki aonekane mrefu kuliko mimi."

Nikaichukua kamba ya mbuzi, nikaivuta chini kutoka ukingo wa ua hadi ukingo mwingine. Kila mtu akaambiwa agusishe vidole vya miguu kwenye kamba, na miguu ya mbele ya viti nayo iguse. Mzee katikati, Mama Anastazia kuume, Mama Zawadi kushoto, na watoto wamejipanga huku na huku. Nikarudi nyuma, nikarudi, hadi mgongo ukagota kwenye mgomba na maji ya umande yakaniingia shingoni.

"Msipumue!"

"Na mimi mgonjwa?" akauliza Mzee Ruhuza.

"Wewe hasa!"

Wakacheka wote, na hapo ndipo nilipobonyeza. Nikabonyeza tena. Kisha kioo kikawa cheusi. Kimya. Nikagusa kila kitufe, hata vile vya mapambo. Dude limekufa.

"Imetoka?" Mama Zawadi akauliza. Safari hii hakuna aliyekaribia kukuza.

"Imetoka," nikasema. Sikujua hata kidogo.

Mzee Ruhuza akaingizwa garini. Akashusha kioo. "Baba Yusufu, isafishe upesi. Nataka niwe nayo mkononi kabla hawajanipasua."

Kurudi

Nilirudi na Fuso ileile. Kapteni alisimulia vituko vyake njia nzima, mimi simsikii. Nilikuwa nimepakata kitu ambacho kinaweza kuwa na picha, na kinaweza kuwa na uji. Kwenye filamu una shaka, lakini shaka yako iko mkononi, unaijua ilipo. Hii iko ndani ya kijikadi kama ukucha, kwenye mtambo uliokufa, na huwezi hata kuitikisa ukasikia. Kwenye kizuizi yule askari akanipungia kofia, anataka tena. Nikamwambia imelala.

Kasulu umeme hakuna. Sikupumzika. Nikachukua chaja, nikaenda kwa jirani muuza soda mwenye jenereta, nikakaa kwenye kreti mpaka kile kipicha kikajaa kidogo. Nikawasha. Nikabonyeza kitufe cha Leokadia.

Nikaanza upande wa kushoto, uso mmoja baada ya mwingine. Macho yapo. Pua zipo. Mama Zawadi anacheka, ana mwanya ambao sikuwahi kuuona miaka yote hiyo. Mzee anacheka. Mama Anastazia hacheki, lakini kope zake unazihesabu. Nyumba ya bati nyuma yao ndiyo iliyogeuka ukungu. Nyumba na igeuke.

Umeme uliporudi nikachapisha, nikaitia kwenye bahasha ngumu, nikampa kondakta wa basi la Mwanza na namba ya simu ya mtoto wa Mzee Ruhuza aliyekuwa na baba yake hospitali. Ikafika. Mzee aliiweka chini ya mto akaingia kupasuliwa, na akatoka. Yuko Kibondo sasa, amekonda kama ufito, anafoka kama zamani. Wake zake waligombania picha ikae ukuta upi. Nikatoa mbili. Mama Zawadi alizipima zote kwa uzi, akaona zinalingana, akachukua yake.

Nilimpigia Yusufu nimweleze ubovu wa kamera yake. Akanisikiliza, kisha akasema, "Lakini baba, si ungepandisha tu spidi, ukalifunga tundu? Hiyo mia unabadilisha muda wowote, hata picha kwa picha. Wangeonekana wote, mbele na nyuma, hata jioni ile."

"Filamu ukishaifunga ndani ya kamera, spidi yake ni hiyo mpaka iishe," nikamwambia.

"Baba, hamna filamu humo."

Nikamkatia simu. Kama angeniambia hayo kabla, ningepiga mistari miwili jioni ileile, na Mama Zawadi angebaki nyuma mpaka leo.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Nyumba ya tofali za kuchoma hapa Kasulu. Studio yenye vyumba viwili na pazia la bluu. Shamba la migomba Muyama, nililolinunua mwenyewe, si la kutunziwa. Ng'ombe na ndama wake. Pikipiki isiyo na taa ya nyuma. Kamera ya filamu ambayo hakuna tena anayeniuzia filamu yake. Lile dude jeusi, na chaja yake, ambayo sasa haikai kabatini. Na ukutani mwa studio, mbele ya mlango, watu wa Mzee Ruhuza wote, miguu kwenye kamba ya mbuzi, hakuna aliye nyuma ya mwenzake.